Nani Aliamua Turkana Ni Adhabu?

Afisa wa serikali akikosana na mkubwa wake, lazima mtu atupe ule mzaha: "Huyo sasa ni Turkana." Tunacheka, tunasonga. Lakini wasee, huo mzaha una historia, na sehemu kubwa yake iko Lokitaung.

Chukua ramani ya Kenya, panda juu kushoto, magharibi mwa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ni vilima vya mawe, mbuzi, ngamia, na mito ya mchanga inayoona maji mvua ikinyesha tu. Kaunti nzima ina kama kilomita mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976. Yaani Nairobi inaingia humo karibu mara mia, na watu hawafiki hata robo ya Nairobi.

Mkoloni aliangalia hiyo nafasi yote akaona jela. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa; mtu wa nje hakuingia bila kibali. Kwa hivyo Aprili 1953, kesi ya Kapenguria ilipoisha na hukumu ya miaka saba na kazi ngumu, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba na Ngei walitupwa Lokitaung. (Achieng' Oneko alishinda rufaa na bado hakuachiliwa. Haki ya wakoloni hiyo.) Waruhiu Itote, yule General China, aliletwa 1954. Kenyatta alikuwa mzee kuliko wenzake, akapewa jikoni. Mwaka wa 1958 wafungwa wakapenyeza barua ya kulalamikia hali yao, ikachapishwa na gazeti la The Observer kule London. Kenyatta alihamishwa Lodwar 1959.

Na hao Waturuki, sorry, Waturkana (walimu wetu wengine walikuwa wanatamka hivyo) walikuwa wapi hiyo miaka yote? Walikuwa hapo hapo, wanachunga mifugo. Kile mfungwa alipewa kama adhabu, kwao kilikuwa nyumbani. Tena si nyumbani kwa jana: kusini kidogo, Lomekwi, kumepatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3, za zamani kuliko zote zinazojulikana duniani. Eti mahali patupu.

Sasa hapa ndipo mimi hukasirika. Mwaka wa 1965 serikali yetu, si ya Mwingereza, ilitoa Sessional Paper Nambari 10: pesa za maendeleo ziende kwanza kule zitazaa haraka, penye mvua, reli na barabara. Kaskazini ingengoja. Rais aliyeisimamia ni yule yule mpishi wa Lokitaung. Hakuhitaji kuelezwa na mtu yeyote kule kulikosa nini. Alikaa huko karibu miaka sita.

Mpaka leo kuna watu wa kaskazini wakifunga safari ya kuja huku kwetu husema wanaenda Kenya.