Mlango na Kizingiti: Lugha katika Historia ya Chuo cha Hostos, New York, 1968–1997

Historia ya vyuo vya kijamii vya Marekani, yaani vyuo vya miaka miwili vilivyokusudiwa kumpokea kila amalizaye sekondari, aghalabu husimuliwa kama historia ya kufunguliwa milango. Chuo cha Joliet, Illinois, kilianzishwa mwaka 1901; mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikapendekeza vyuo vya aina hiyo vienezwe nchini kote, na vikwazo vya fedha, rangi na dini viondolewe. Makala haya yanadai kwamba ndani ya mlango huo palibaki kizingiti kingine, nacho ni lugha.

Chuo cha Hostos kiliundwa mwaka 1968 kutokana na madai ya viongozi wenye asili ya Puerto Rico, kiwahudumie wakazi wa South Bronx, sehemu ya mji iliyozongwa na umaskini. Kilipoanza kufundisha mwaka 1970, katika jengo lililokuwa kiwanda cha matairi, wengi wa wanafunzi wake walikuwa wa kwanza katika jamaa zao kuingia chuoni. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaeleza namna ya kuchagua masomo, wala la kufanya mtu ashindwapo mtihani. Aidha, wengi walilea watoto na kufanya kazi.

Waasisi wake walitambua kwamba kutojua Kiingereza si kutojua kitu. Kwa hiyo mwanafunzi aliweza kuanza masomo kwa Kihispania, huku akijifunza Kiingereza hatua kwa hatua. Utaratibu huo ulikuwa na wapinzani. Mwaka 1976, jiji lilipokabiliwa na ufilisi, wakuu waliamua chuo kiunganishwe na kingine. Wanafunzi na walimu wakalikalia jengo, na chuo kikanusurika. Hata hivyo, mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Jiji, ambacho Hostos ni tawi lake, kilikomesha elimu ya bure.

Kizingiti kilijitokeza tena Mei 1997. Mahafali yakiwa yamekaribia, wadhamini waliamuru kwamba asiyefaulu mtihani wa kuandika Kiingereza asihitimu. Watu waliokwisha kutimiza masomo mengine yote wakajikuta nje, na shauri likafikishwa mahakamani.

Haifai kuwabeza wadhamini hao kijuujuu. Katika New York, shahada bila Kiingereza humfikisha mtu karibu tu, na wanafunzi wenyewe walilijua hilo. Suala halikuwa kama Kiingereza kifundishwe, bali kiwekwe wapi: mwanzoni kama kizuizi, njiani kama somo, au mwishoni kama hukumu. Waasisi walikiweka njiani. Wadhamini wakakihamishia mwishoni, baada ya mwanafunzi kulipa karo na miaka yake. Atakayepima mafanikio ya vyuo hivi kwa idadi ya walioingia peke yake hatawaona kamwe waliokwamia hapo.