Wakuu Wawili wa Shule na Mwalimu Mmoja



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, waamini hutuuliza swali lilelile: shule zetu zimeshika nafasi ya ngapi? Swali hilo si baya. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada ana haki ya kujua amepata nini. Lakini juma hili tungependa kulitazama jambo hili kwa njia ya historia, maana nchi yetu inayo habari moja inayoonyesha shule ya Kikatoliki ni kitu gani, na jinsi thamani yake inavyomtegemea yule aliyekalia kiti cha mkuu wa shule.

Julius Nyerere alibatizwa Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Alipohitimu ualimu Makerere, Tabora ilikuwa na shule mbili zilizomhitaji: ile ya Serikali, alikosoma yeye mwenyewe, na ile ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya wamisionari wa White Fathers. Akachagua ya Misioni, na kuanzia mwaka 1946 akafundisha huko biolojia. Mkuu wa shule alikuwa Padre Richard Walsh, mtu wa Ireland.

Hebu tujiweke katika nafasi ya Padre Walsh. Amepata mwalimu hodari, Mkatoliki, Mwafrika mwenye elimu ya Makerere, katika siku ambazo watu wa namna hiyo walihesabika kwa vidole. Mkuu anayetazama ratiba ya muhula tu angemshika mwalimu huyo kwa mikono miwili. Padre Walsh alifanya kinyume. Alimhimiza aendelee na masomo, akamsaidia kutafuta ufadhili, na mwaka 1949 mwalimu wake akaondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Shule ikabaki na vipindi visivyo na mwalimu. Sisi ambao tumewahi kuhangaika Januari kutafuta mwalimu wa biolojia tunajua gharama ya uamuzi ule.

Nyerere alirudi mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A., na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika shule nyingine ya Kikatoliki, ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Pugu si mahali padogo katika historia ya imani yetu. Wamisionari Wabenediktini walifika pale mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo chao kilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Juu ya ardhi ya namna hiyo ndipo mwalimu kijana alipofundisha mchana, na siku nyingine akaenda mjini, mwendo wa kilomita zipatazo ishirini, kwa ajili ya mikutano. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, na mwalimu wa Pugu akawa Rais wake. Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika.

Aliporudi aliwekwa njia panda: achague ualimu au siasa. Akajiuzulu ualimu. Mwenyewe alipenda kusema baadaye kwamba ualimu aliuchagua, siasa ilimpata kama ajali.

Tusiwe wepesi kuwahukumu viongozi wa shule ile. Tayari mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na shule za Misioni ziliishi kwa ruzuku ya Serikali hiyohiyo. Ruzuku ikikatwa, mishahara inakatika, na watoto wanarudi vijijini. Aliyeuliza swali lile alikuwa akiilinda shule, na kuilinda shule ni wajibu wa kweli wa mkuu wake. Wengi wetu, tukisema ukweli, tungefanya vilevile.

Hata hivyo tofauti ipo, na ni kubwa. Padre Walsh aliona kwamba shule ipo kwa ajili ya mtu, hata mtu huyo akiigharimu shule. Pugu mtu alitakiwa apunguze urefu wake ili shule ikae salama. Na mapadre wengine waliendelea pale Pugu ilipoishia: baada ya kujiuzulu, Nyerere alirudi kwao Musoma, na wamisionari wa Maryknoll wakampa kazi ya kuwafundisha Kizanaki na kutafsiri. Ilikuwa kazi ndogo, yenye malipo ya kawaida, lakini ilimweka katika jamaa ya Kanisa wakati ambapo urafiki naye haukuwa na faida yoyote machoni pa watawala.

Historia haikuishia hapo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule zilizokuwa zikipata ruzuku zilitaifishwa, Pugu ikiwa mojawapo, na aliyekuwa Rais wa nchi ni yule mwalimu wa Tabora na Pugu. Wapo wazee wanaosimulia jambo hili kwa uchungu mpaka leo, na wengine huligeuza kuwa kisasi. Hatukubaliani nao. Sababu ilikuwa wazi: nchi ilikuwa imerithi shule zilizogawanywa kwa dini, na mtoto wa Kiislamu katika wilaya yenye shule ya Misioni peke yake alikuwa na mlango mwembamba. Mtu aliyelelewa na shule zetu alikuwa amejifunza ndani yake kwamba elimu ni ya kila mtoto. Tulimfundisha vizuri kuliko tulivyotarajia!

Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitia sahihi Hati ya Makubaliano juu ya huduma za jamii, na Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ikapanua nafasi ya shule zisizo za Serikali. Majimbo na mashirika ya kitawa yakajenga upya, na shule kama Marian ya Bagamoyo na St. Francis ya Mbeya zikajipatia sifa kubwa katika mitihani. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, na tunawapongeza masista na walimu waliotoa jasho.

Ila shule hizi mpya haziishi kwa ruzuku. Zinaishi kwa ada. Ile hofu ya mwaka 1955 imebadili sura tu. Leo mkuu wa shule haogopi Gavana, anaogopa orodha ya matokeo na daftari la mhasibu. Mtoto anayeshusha wastani anashauriwa ahame. Mwenye deni anarudishwa nyumbani wiki tatu kabla ya mtihani. Mwalimu kijana anayeuliza maswali mengi haongezewi mkataba. Kila uamuzi una maelezo yake, na maelezo yenyewe huwa ya kweli: shule lazima iishi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulitaka shule za Kanisa ziwajali hasa maskini, wasio na msaada wa familia na wasio na imani. Hao ndio hasa wanaoharibu hesabu za mhasibu.

Baadhi ya parokia zetu zinatafuta wakuu wapya wa shule. Katika usaili, wanakamati huuliza juu ya shahada, uzoefu na nidhamu. Na waendelee kuuliza. Tungependa waongeze jambo moja. Mwombaji aeleze habari ya mwalimu au mwanafunzi aliyewahi kumwachia aende mbele wakati shule yake ilipomhitaji abaki. Na ripoti ya mwaka itakapoletwa mezani, karibu na idadi ya waliopata daraja la kwanza iandikwe idadi ya waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, katika ukurasa uleule.