Injini ya Kilomita Laki Tatu: Kinachoiua ni Joto na Oili Chafu, Si Umri

Magari mengi tunayoendesha hapa Pwani, yawe teksi, matatu au Probox ya kubebea mboga na samaki, hayakuanza maisha yake hapa. Yalitembea Japani kwanza, kwani sheria ya Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika mradi halijapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Likishateremshwa bandarini Mombasa, gari huanza kazi ya pili, ambayo aghalabu ni ndefu na ngumu kuliko ile ya kwanza. Si ajabu basi kukuta dashibodi inasoma kilomita 250,000 au 300,000, na gari hilo hilo ndilo linalolisha nyumba. Mwenye gari hujiuliza: je, injini hii bado ina maisha?

Inaweza kuwa nayo tele. Mmarekani Irv Gordon, mwalimu wa sayansi kutoka New York, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na kufikia 2013 alikuwa ameliendesha zaidi ya maili milioni 3, yaani kama kilomita milioni 4.8. Injini yake ilifunguliwa na kutengenezwa upya njiani, lakini siri yake kubwa ilikuwa ya kawaida sana: kubadilisha oili kwa wakati na kufuata kitabu cha gari. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Kilomita hazisemi yote

Injini huchakaa kwa saa inazofanya kazi, si kwa umbali peke yake. Gari la safari za Malindi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, humaliza kilomita 5,000 kwa saa 83 hivi. Teksi ya mjini inayokwenda wastani wa kilomita 20 kwa saa huhitaji saa 250 kwa umbali huo huo. Ikingojea feri Likoni injini ikinguruma, mita haisongi hata kidogo, lakini oili inapikwa.

Kwa hiyo, kama kitabu cha gari kinasema ubadilishe oili kila kilomita 10,000, soma pia sehemu inayohusu matumizi magumu: foleni, vumbi, joto na mizigo. Hapo muda hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Gari la biashara mjini Mombasa limo katika kundi hilo.

Oili: kiasi kwanza, aina baadaye

Injini ya 1NZ-FE, ile ya sisi 1,500 iliyomo ndani ya Probox nyingi, hubeba oili lita 3.7 tu pamoja na filta. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo imekwisha, na iliyobaki hufanya kazi ya yote: huchemka zaidi na kuchafuka upesi. Injini iliyozeeka kula oili kidogo si maajabu. Kinachoiua ni mwenyewe kutoijua. Chomoa kijiti cha kupimia kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palipo sawa.

Kuhusu uzito wa oili, kitabu cha gari huonyesha zaidi ya aina moja. Injini iliyochoka kidogo katika joto letu inaweza kunufaika na aina nzito zaidi kati ya zilizoruhusiwa humo. Kuvuka mpaka huo kwa kutia oili nzito mno ni kosa, kwa sababu huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na mchakao mkubwa hutokea wakati huo.

Maji ya kisima na thamostati

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na bara. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Chokaa huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika, na chumvi hula silinda hedi ya alumini. Baada ya muda rejeta huziba, joto hupanda, hedi hupinda na gasketi huungua.

Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa kama kopo linavyoagiza. Usichanganye aina mbili tofauti. Ikibidi kuongeza maji, afadhali maji safi yaliyochujwa chumvi, kama yale yanayouzwa ya kuongezea betri (si asidi). Angalia pia kofia ya rejeta. Kazi yake ni kubana shinikizo ili maji yasichemke yafikapo nyuzi 100; mpira wake ukioza, maji huchemka mapema. Na kofia hiyo haifunguliwi injini ikiwa moto, kwani mvuke wake huunguza uso.

Desturi nyingine mbaya ni kung'oa thamostati ati gari lisichemke. Bila thamostati injini hukaa baridi barabara kuu, hula mafuta zaidi, na unyevu hubaki ndani ya oili. Katika injini nyingi thamostati pia huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na gari huweza kuchemka zaidi kwenye foleni. Gari likichemka, tafuta sababu: rejeta, fani, pampu ya maji, kofia au gasketi.

Mkanda au cheni

Uliza fundi kama injini yako ina mkanda wa taimingi au cheni. 1NZ-FE ina cheni, nayo hudumu sana oili ikiwa safi. Injini za dizeli za 2KD na 1KD zilizomo katika HiAce nyingi zina mkanda, ambao hubadilishwa baada ya kilomita 100,000 hadi 150,000 kulingana na gari. Mkanda ukikatika safarini, pistoni hugonga vali. Kama umenunua gari na hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Dalili na vipimo

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, pamoja na maji yanayopungua, huashiria gasketi. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo; anza na filta ya hewa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji: zima, usiendelee.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, omba ipimwe kompresheni silinda moja moja. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 hivi, kuna jambo. Kwa injini ya petroli, fundi atie oili kijiko kimoja katika silinda hiyo apime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki vile vile, shaka iko kwenye vali au gasketi. Kipimo hiki huchukua muda mfupi, nacho huweza kukuepusha kununua injini nzima ya mtumba ambayo historia yake huijui.

Anayenunua gari naye asiridhike na mita, kwani hurudishwa nyuma. Aombe cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho huko. Na kwa gari lililokwisha kufanya kazi hapa, aombe daftari la sevisi. Gari la kilomita 280,000 lenye daftari ni dhamana bora kuliko la 120,000 lisilo na hata risiti moja ya oili.