Mlango Uliofunguliwa Tucson

Leo twatazama kanisa moja dogo la Kipresbiteri katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani. Kanisa hilo, Southside, lilianza mwaka 1906 kama misheni kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Baadaye watu wa asili ya Mexico, weusi na wazungu wakaabudu humo pamoja nao.

Mwaka 1980 wakimbizi 13 wa El Salvador walikufa jangwani karibu na mpaka. Walikuwa wakikimbia vita. Wengi waliofika wazima serikali iliwakamata na kuwarudisha kwao. Kwanza washirika wa Southside waliwalipia dhamana na kuwatafutia mawakili. Walipoona hayo hayatoshi, tarehe 24 Machi 1982 walitangaza hadharani kwamba kanisa lao ni kimbilio. Wageni wakalala kanisani mle mle. Makanisa mengine mengi yakafuata.

Gharama ilikuwako. Mwaka 1986 mchungaji wao, John Fife, alitiwa hatiani pamoja na wenzake saba, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitano. Lakini mwaka 1992 Wapresbiteri wa Marekani walimchagua kuwa Moderata wao.

Ndugu zetu, kuimba juu ya upendo sote twaweza. Lakini mgeni asiye na karatasi akibisha hodi usiku, je, tutamfungulia, au tutamwuliza kwanza kabila lake? Bwana atupe moyo wa kufungua. Amina.