Kwa nini barua pepe hurudishwa kwa mtumaji bila kumfikia mlengwa?

Chukulia kwamba chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa mjini Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, kinatuma hati za zabuni kwa mnunuzi aliyeko Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa nchi hiyo. Zimesalia saa chache kabla ya muda kumalizika. Dakika moja baadaye, barua pepe hiyo inarudi ikiwa na maelezo marefu na tarakimu 550 5.7.26.

Anwani imeandikwa sawasawa, kisanduku cha mnunuzi hakijajaa na intaneti inafanya kazi. Kilichokosekana ni kimoja: uthibitisho kwamba barua hiyo imetoka kweli kwa chama hicho. Tarakimu hizo hutumiwa na Gmail kumjulisha mtumaji kwamba utambulisho wake haukuthibitishwa.

Chanzo cha tatizo

Kanuni za kusafirisha barua pepe, zijulikanazo kama SMTP, ziliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel na kuchapishwa mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa na watumiaji wachache, na kanuni hizo hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Kama ilivyo kwa bahasha ya kawaida, yeyote aliweza kuandika jina la mtu mwingine mahali pa mtumaji. Matapeli waliitumia nafasi hiyo, hata ikalazimu kubuniwa kwa njia za ukaguzi.

Ukaguzi wa aina tatu

Ya kwanza ni SPF. Mwenye kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, hutangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ni sawa na kampuni kukabidhi kizuizi cha mpakani orodha ya madereva wake: asiyekuwamo hutiliwa shaka.

Ya pili ni DKIM, saini ya kidijitali inayofanya kazi kama lakiri juu ya bahasha. Seva ya mtumaji husaini kwa ufunguo wa siri, nayo seva ya mpokeaji huihakiki saini kwa ufunguo uliowekwa hadharani. Maneno yaliyosainiwa yakibadilishwa njiani, lakiri huonekana imevunjwa.

Ya tatu ni DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012. Hii hutazama iwapo jina analoliona msomaji linalingana na lililothibitishwa na SPF au DKIM. Moja kati ya hizo mbili ikifaulu na kulingana, inatosha. Isipolingana, DMARC hueleza matakwa ya mwenye kikoa: barua iachwe ipite, iwekwe kwenye barua taka, au ikataliwe.

Kwa nini sasa?

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimewataka watumaji wote wawe na SPF au DKIM. Wanaotuma barua nyingi, ambao kwa Gmail ni wale wanaofikisha 5,000 au zaidi kwa siku, wanatakiwa kuwa na zote tatu. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa watumaji wa kiwango hicho wanaoandikia anwani za Outlook na Hotmail. Mipangilio ya zamani iliyovumiliwa kwa miaka mingi sasa inakwama.

Makosa ya watumaji waaminifu

Mara nyingi ofisi huhamia kwa mtoa huduma mpya ikasahau kuongeza seva zake kwenye orodha ya SPF. Nyingine huwa na rekodi mbili za SPF, ilhali kikoa kinatakiwa kuwa na moja tu. Zipo pia fomu za tovuti zinazotuma ujumbe kwa kutumia anwani ya mgeni aliyeijaza, jambo ambalo kwa mkaguzi halina tofauti na ughushi. Aidha, barua inayopitishwa kutoka kisanduku kimoja hadi kingine hupoteza uthibitisho wa SPF, kwa kuwa inafika kupitia seva isiyo kwenye orodha.

Hatua za kuchukua

Mtumaji asikimbilie kutuma tena na tena. Matokeo yatakuwa yale yale. Anakili ujumbe wa kukataliwa wote, pamoja na tarakimu zake, na kumpelekea msimamizi wa kikoa. Marekebisho hufanywa upande wa mtumaji, wala si wa mpokeaji. Msimamizi huorodhesha huduma zote zinazotuma barua kwa jina la ofisi, hurekebisha SPF, huwasha DKIM, kisha huanza na DMARC ya kufuatilia tu kabla ya kuamuru barua zikataliwe.

Mabadiliko hayo yanaweza kuchukua saa kadhaa kuenea. Kwa hiyo, muda ukiwa umebana, ni busara kumpigia simu mpokeaji na kuuliza iwapo anakubali hati kutoka anwani nyingine au kwa mkono.

Tahadhari inahitajika pia. Matapeli hutuma taarifa bandia za barua kurudishwa, zenye kiungo kinachodai nenosiri. Na anayepokea taarifa ya kurudishwa kwa barua ambayo hakuituma, huenda anwani yake imeghushiwa au akaunti yake imeingiliwa. Abadilishe nenosiri kwa kufungua huduma yake moja kwa moja, bila kubofya kiungo chochote kilichomo katika taarifa hiyo.