Umefanyiwa Opresheni Ukakonda? Piga Hesabu Hii Kilo Zisirudi

Opresheni ya tumbo imefanya kazi yake, kilo zimeshuka na nguo za kitambo zinakuning'inia. Fiti! Lakini kazi haijaisha. Tumbo dogo linaweza kuzoea kubeba zaidi polepole, na hapo ndio wasee wengi huanza kurudi pale walitoka.

Mwili mdogo unakula kidogo

Metaboli ni vile mwili unachoma chakula kupata nguvu, hata ukiwa umelala. Nduthi haibugii petroli kama lori, so ukikonda, mahitaji pia yanashuka.

Hesabu iko hivi

Fomula ya Mifflin-St Jeor ilitoka 1990. Itumie kilo zikishatulia, si miezi ya kwanza baada ya opresheni.

- Madame: (kilo × 10) + (urefu kwa sentimita × 6.25) − (umri × 5) − 161.
- Majamaa: hesabu ni hiyo hiyo, lakini badala ya kutoa 161, ongeza 5.
- Kisha zidisha na 1.2 kama unashinda umekaa, ama 1.375 kama unapiga tizi kiasi.

Chukua dame wa miaka 32, sentimita 162, anapiga tizi kiasi. Akiwa na kilo 120 alihitaji karibu kalori 2,600 kwa siku. Akiwa na 75, ni karibu 1,980. Tofauti ni kalori 620, karibu soda tatu za nusu lita. Akirudia sahani ya zamani, kilo zinarudi mdogo mdogo.

Kumbuka hiyo namba ni ya kuanzia tu. Mzani ndio refa.

Chunga hizi

- Vinywaji: tumbo dogo litakataa ugali mob, lakini soda na pombe zinateremka tu.
- Proteni: lenga gramu 60 au zaidi kwa siku. Mayai, omena, ndengu na mala zitakusaidia kulinda misuli, na misuli inachoma kalori hata ukiwa umetulia.
- Njaa: usijinyime dishi kabisa. Utapoteza misuli na metaboli itashuka zaidi.
- Vitamini: endelea kumeza zile daktari alikuandikia, maisha yote.

Mzani ukipanda miezi miwili mfululizo, usijifiche kwa aibu. Rudi kwa daktari na mtaalamu wa lishe mapema. Kilo tatu ni rahisi kupunguza kuliko thelathini.