Maytag: jina lilibaki, kiwanda kikafungwa

Leo tuache kompyuta kidogo, tuangalie mashine za kufulia zinazofunguliwa juu. Kampuni ya Maytag ilianzishwa mwaka 1893 huko Newton, Iowa, Marekani, na mashine yake ya kwanza ya kufulia ikatoka 1907. Mwaka 1967 ikaanza kutangaza fundi mpweke anayesubiri simu isiyolia, kwa kuwa mashine haziharibiki. Watu wakalipia sifa hiyo.

Mwaka 2006 Whirlpool iliinunua Maytag. 2007 kiwanda cha Newton kikafungwa. Jina likabaki.

Waandishi wa programu wenzangu mnalijua hili: jina la kigezo ni lile lile, thamani iliyomo imebadilika. Kwa hivyo kabla ya kulipia jina, uliza kuhusu gia, dhamana na vipuri.